MICHE YA MIKARAFUU: KOSA HUANZIA NDANI YA KIRIBA



Tangu kumalizika mavuno haipiti wiki illa mwanachama mmoja au wawili hunijia na suali lile lile: mbona miche yangu ilipendeza kitaluni, nikaitia shambani ikafa? Naona ni bora nijibu hapa kwa wote, na nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Miaka mitatu nyuma niliatika mbegu za karafuu katika makopo ya maziwa, makopo 120. Zikamea vizuri, na kila apitaye akisifu. Masika yalipoanza niliipanda yote. Ulipokwisha upepo wa kaskazi, miche 41 imekauka imesimama. Nikamlaumu mchwa, nikailaumu ardhi, na, Mungu anisamehe, nikamlaumu hata jirani yangu mwenye mbuzi. Mwisho nikang'oa mmoja nikautazama. Mzizi mkuu ulikuwa umejizungusha kama kamba ndani ya ndoo, na huko shambani ukabaki umekunjwa vile vile, wala haukupata njia ya kushuka kutafuta maji. Jirani nilimwendea nikamtaka radhi.

Mkarafuu si muhogo. Hauanzi kuzaa kabla ya mwaka wa sita hivi, na kukamilika kwake kwachukua zaidi ya hapo. Mwenye kukosea kitaluni hupoteza miaka, na wengi wetu hapa Pemba tuna miti ya babu zetu ambayo kila mwaka yaanguka michache. Wenzetu wa Unguja walipata tufani la mwaka 1872 likawaangushia sehemu kubwa ya mikarafuu, na kazi ya kurejesha mashamba ikawa ni ya miche.

Basi kwanza ni mbegu. Chagua mti wenye afya, wenye kuzaa vyema kila msimu, uache vichala kadhaa bila ya kuvichuma. Maua yatafunguka, kisha yatafanya matunda, na baada ya yapata miezi mitatu yatageuka rangi ya zambarau iliyoiva. Hayo ndiyo ya kuatika. Na hapa nawaomba mnisikilize khasa: mbegu ya karafuu haiwekwi. Ikikauka imekufa, na hata ikiwekwa kivulini haifai kupita wiki moja. Mwanachama mmoja alizianika siku tatu juani kama karafuu za kuuza, kisha akaja kuniuliza kwa nini haikumea hata moja.

Roweka matunda usiku mmoja, asubuhi menya ganda, osha, na atika siku ile ile. Upande utokao mzizi ndio uelekee chini, na mbegu isizame. Ifunikwe kidogo tu. Nyengine zitachomoza baada ya wiki mbili, nyengine zitakawia hata wiki tano au sita. Msizifukue kutazama.

Kiriba kiwe kirefu kuliko kipana, kisipungue shibiri moja na vidole vinne kwenda chini, na kitobolewe chini na pembeni. Udongo wa juu wa shambani sehemu mbili, mchanga sehemu moja, samadi iliyooza sehemu moja. Nasema iliyooza. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Funika kitalu kwa makuti juu ya chanja, mtu aweze kuinama akapita. Mwagia maji asubuhi au jioni, udongo uwe na unyevu lakini usitote. Kila baada ya miezi miwili nyanyua viriba, na mizizi iliyopenya kuingia ardhini ikate. Mche hukaa kitaluni mwaka na nusu mpaka miwili. Ni muda mrefu, najua, na ndipo wengi wanapochoka. Miezi ya mwisho punguza makuti kidogo kidogo, mche ulizoee jua. Uliotolewa kivulini ghafla huungua majani, na mwenyewe husema umerogwa.

Mashimo yachimbwe mapema kabla ya masika, yawe mbali futi 20 hadi 30. Siku ya kupanda chana kiriba kwa wembe, usiuvunje udongo, na ukiona mzizi umejikunja chini, kata ile sehemu iliyokunjwa. Kata bila ya huruma. Mzizi mpya utatoka ulionyooka. Kivuli cha mwanzo kiwe migomba au muhogo, na mwaka wa kwanza katika kiangazi mche upate maji.

Jambo jengine ni maji moto. Wadudu hawa hawali mkarafuu, lakini huwafuga vidudu vidogo vyenye maganda ambavyo hunyonya utomvu wa majani machanga, na huwalinda kama mchungaji na ng'ombe wake. Ukiona viota vyao juu ya miche, viondoe mapema, asubuhi kabla ya jua kuwachangamsha.

Mwaka jana nilianza upya na viriba virefu 90, na miche 83 ingali hai kitaluni kwangu. Atakaye kuitazama aje siku yoyote baada ya sala ya alasiri. Na mwanachama mwenye mti mzuri wa mbegu aniarifu kabla hajaanza kuchuma, tukubaliane vichala vya kuachwa, kwani kwa mbegu ya kugawana hatuna njia nyengine.