Muziki: Kanda za The Supremes zafunguliwa, sauti ya Florence Ballard yasikika tena

Kwa miaka mingi, watu walipotaja The Supremes walimtaja Diana Ross. Lakini aliyechagua jina hilo ni mwenzake, Florence Ballard, msichana wa mji wa Detroit nchini Marekani. Mwaka 1961, kampuni ya Motown ilipokubali kuwapa mkataba, haikutaka jina lao la kwanza, The Primettes. Florence akapewa orodha ya majina, akachagua moja. Wenzake hawakulipenda, ila ndilo lililowapeleka duniani kote.

Leo sauti yake inasikika tena, kwa sababu ya kanda zilizokaa ghalani zaidi ya miaka 40.

Motown, iliyoanzishwa na Berry Gordy mwaka 1959, ilifanya kazi kama kiwanda. Studio yake ilikuwa ndani ya nyumba ya kawaida, barabara ya West Grand Boulevard. Nyimbo zilirekodiwa mchana na usiku, kisha wakubwa wa kampuni walikutana kila juma kupiga kura. Gordy aliwauliza: mtu mwenye dola moja tu mfukoni na njaa tumboni, atanunua disiki hii au mkate? Wimbo ulioshindwa kura ulirudishwa ghalani.

Hivyo hata albamu nzima ilifungiwa. Ile ya There's a Place for Us, ambayo The Supremes waliirekodi mwaka 1965, ilitolewa mwaka 2004.

Tangu hapo albamu zao za zamani zimekuwa zikitolewa upya, zikiwa zimeongezwa. I Hear a Symphony ilirudi mwaka 2012. The Supremes A' Go-Go, ambayo mwaka 1966 ilikuwa albamu ya kwanza ya kikundi cha wanawake kushika nafasi ya kwanza Marekani, ilirudi mwaka 2017 ikiwa na disiki mbili. Ndani yake munapatikana nyimbo ambazo hazikutolewa wakati ule, na zingine zilizochanganywa kwa namna tofauti.

Sheria ya Ulaya

Kuna sababu nyingine ya kufungua ghala, nayo ni ya kibiashara. Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya uliongeza ulinzi wa muziki uliorekodiwa, kutoka miaka 50 hadi 70. Lakini ulinzi huo ni kwa kazi iliyotolewa tu. Wimbo uliofichwa miaka 50 bila kutolewa unapoteza ulinzi, na mtu yeyote huko Ulaya anaweza kuuuza.

Ndiyo maana katika miaka ya 2010, mwezi wa kumi na mbili ulipofika, Motown ilitoa kwenye intaneti makumi ya nyimbo chini ya jina Motown Unreleased, kabla ya mwaka kuisha.

Mwimbaji aliyesukumwa nyuma

Kwa mashabiki, zawadi kubwa katika kanda hizo ni Florence. Alikuwa na sauti nzito yenye nguvu, iliyokomaa kanisani. Mwaka 1961 ndiye aliyeongoza wimbo Buttered Popcorn. Baadaye Gordy aliamua kwamba Diana Ross ndiye aongoze, na Florence pamoja na Mary Wilson wakabaki kuitikia. Mwaka 1965 alirekodi wimbo wa Noeli, O Holy Night, akiuongoza mwenyewe. Haukuwekwa kwenye albamu ya Noeli ya mwaka ule.

Katika nyimbo 12 za kikundi hicho zilizofika nafasi ya kwanza Marekani, Florence alikuwemo kikundini wakati wa nyimbo 10. Hata hivyo mwaka 1967 aliondolewa, na Cindy Birdsong akachukua nafasi yake. Alijaribu kuimba peke yake kwa kampuni ya ABC. Disiki mbili ndogo zilitoka bila kufanikiwa, na albamu yake haikutolewa akiwa hai. Alipoteza nyumba yake, akaishi kwa msaada wa serikali pamoja na mabinti wake watatu. Alifariki tarehe 22 mwezi wa pili mwaka 1976, akiwa na umri wa miaka 32. Nyimbo zake za ABC zilikusanywa na kuuzwa mwaka 2001, miaka 25 baada ya kifo chake.

Siku hizi mafundi wanaweza kuinua sauti iliyokuwa nyuma, kwani kanda za Motown za mwaka 1966 zilihifadhi sauti na vyombo kwenye njia nane mbalimbali. Msikilizaji anaweza kusikia vizuri kile Florence alichokuwa anaimba wakati macho yote yalikuwa kwa mwingine.

Kanda haiwezi kurudisha nyumba, wala kulipa deni la mtu aliyekwisha kuzikwa. Inatoa ushahidi tu: wanawake watatu walisimama mbele ya maikrofoni, na yule aliyewapa jina alijua kuimba.