Takwimu Zinapokatika Njiani

Takwimu za MTUHA nchini Tanzania hubebwa na mfumo wa DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway. Kenya na Uganda huutumia pia. Wataalamu wanaounda programu za kuuunganisha na mifumo mingine huweza kupakua takwimu zikiwa zimebanwa katika faili la zipu. Wengi huiona huduma hiyo kuwa ya kuokoa bando la intaneti tu. Kweli huokoa: jedwali la mwezi hurudia majina yale yale ya vituo na magonjwa mara nyingi mno, na kanuni ya ubanaji, yenye chimbuko katika kazi ya Lempel na Ziv ya mwaka 1977, huliandika jina mara moja kisha huelekeza nyuma kila linaporudi. Hakuna tarakimu inayopotea.

Kwa mganga mkuu wa wilaya, hata hivyo, faida kubwa iko kwingine. Jedwali la maandishi ya kawaida likikatikia njiani kwa udhaifu wa mtandao, sehemu iliyofika huweza kufunguka kana kwamba imekamilika. Vituo vya mwisho wa orodha havimo. Jumla ya wagonjwa wa malaria imeshuka. Dawa zinaagizwa pungufu huku watu wakipongezana. Faili la zipu halidanganyi kirahisi hivyo. Orodha ya yaliyomo hukaa mwishoni mwake, kwa hiyo likikatika, programu za kawaida hushindwa kulifungua. Tena kila kilichomo huambatana na namba ya uhakiki, CRC-32, inayofichua maandishi yaliyoharibika safarini.

Basi programu inayoongezewa uwezo wa kupakua faili hizo isiishie kuzihifadhi. Ihakiki kwanza, ndipo ifute takwimu za zamani. Ikishindwa, imweleze mtumiaji waziwazi, isimwonyeshe sifuri. Sifuri katika ripoti ya afya ni habari nzito, wala haifai kuziba pengo.

Wagonjwa nao wana haki yao hapa. Kubana si kufunga kwa kufuli. Orodha ya watumiaji wa dawa za kufubaza VVU, ikiwekwa katika zipu isiyosimbwa, husomwa na yeyote atakayeokota flashi. Usimbaji huwekwa kwa makusudi, na nywila hupelekwa kwa njia nyingine, si katika ujumbe ule ule uliobeba faili.