Hadubini ya Tofauti-Awamu na Kielelezo Kiangavu: Maelezo na Suala la Istilahi

1.0 Utangulizi

Makala hii inakusudia kueleza namna hadubini ya tofauti-awamu inavyodhihirisha kielelezo kisicho na rangi, na kupima iwapo istilahi *awamu* inaimudu kazi hiyo. Tuchukue mfano wa tone la maji ya kidimbwi huko Mnyuzi, kwenye njia ya reli baina ya Tanga na Korogwe. Ameba hai iliyomo katika tone hilo huonekana kwa shida katika hadubini ya kawaida, kwa kuwa nuru hupita mwilini mwake karibu bila kufifia. Kuitia rangi kutaidhihirisha, lakini aghalabu kutaiua. Ilhali tunachotaka kukiona ni uhai wenyewe.

2.0 Utendaji

Jicho hutambua ukali na rangi ya nuru; halitambui kuchelewa kwake. Nuru ipitayo katika ameba huchelewa kidogo kuliko ile ipitayo majini tu. Katika miaka ya 1930, Frits Zernike, mwanafizikia wa Uholanzi, alibuni njia ya kuugeuza ucheleweshaji huo uwe tofauti ya mwanga na giza, akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1953.

Chini ya kielelezo huwekwa kizuizi chenye uwazi wa umbo la pete. Nuru isiyotawanywa hufika kwenye lenzi ikiwa na umbo hilo; iliyotawanywa na ameba huenea nje yake, ikiwa nyuma kwa takriban robo ya wimbi. Ndani ya lenzi mna pete ya pili, ambayo huitanguliza nuru isiyotawanywa kwa robo nyingine na kuipunguza ukali, isije ikaimeza dhaifu. Sasa tofauti ni nusu wimbi: kilele hukutana na bonde, na ameba huonekana nyeusi kwenye uga wa mwanga. Hata hivyo, kingo zake huzungukwa na utando wa nuru usio sehemu ya kielelezo.

3.0 Istilahi

Wasomaji wengi hulijua neno *awamu* katika “serikali ya awamu ya pili”, yaani kipindi chenye mwanzo na mwisho. Katika fizikia, maana ni mahali wimbi lilipofikia katika mzunguko wake. Tuwatazame watwangaji wawili wa kinu kimoja: michi yao ina uzito sawa na mwendo sawa, lakini mmoja ukiwa juu mwingine u chini. Kinachoitofautisha ni zamu tu. Hivyo basi, kwa maoni yetu, *awamu* ibaki, ila mwanafunzi aoneshwe kinu kabla ya kupewa mlinganyo.