Tambi za Mwitaliano katika sahani ya Mjapani



Jumapili iliyopita nilialikwa chakula cha mchana nyumbani kwa ndugu yangu mmoja hapa mjini. Mezani palikuwa na wali, samaki wa kupaka, mchicha wa nazi na ndizi mbivu. Mara akaingia binti wa nyumba hiyo, mwanafunzi wa chuo, amebeba boksi la piza alilolinunua kwa fedha zake mwenyewe ili wazee waonje. Babu yake akalifungua lile boksi, akatazama, akalifunika tena. Akasema, "Mwacha asili ni mtumwa, mjukuu wangu." Watu wakacheka. Binti hakucheka. Alichukua boksi lake akalipeleka jikoni, na hakurudi mezani mpaka tulipokwisha kula.

Siku ile sikusema neno, na jambo hilo limenisumbua wiki nzima, kwa sababu nilikuwa nalo la kusema. Mimi ni mpenzi mkubwa wa chakula cha Kiitaliano, na mapenzi hayo sikuyapata Italia, nchi ambayo sijapata kuikanyaga. Niliyapata Japani. Basi leo naomba tulitazame kwa utulivu swali alilolizusha yule mzee: mtu akipenda chakula cha watu wengine, anapoteza nini na anapata nini?

Nilikaa Japani miaka minne nikiwa mwanafunzi, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Jioni moja ya baridi kali nilipita nyuma ya stesheni ya treni, nikaona mkahawa mdogo wa aina ambayo Wajapani huiita kissaten. Dirishani walikuwa wameweka vielelezo vya vyakula vilivyotengenezwa kwa plastiki, kama ilivyo desturi yao, ili mteja ajue anachoagiza. Kimoja kilikuwa sahani ya tambi nyekundu, na juu yake uma umening'inia hewani umezungukwa na tambi, kana kwamba mlaji asiyeonekana yumo katikati ya kula. Nikaingia, nikauliza hicho ni chakula gani. Mwenye mkahawa, mzee aliyevaa aproni, akanijibu kwa fahari, "Naporitan. Cha Italia."

Niliyoletewa yalikuwa maspageti laini, yaliyokaangwa kwa vitunguu, pilipili hoho, vipande vya soseji na kechapu. Ndiyo, kechapu ile ile ya chupa. Nilikula mpaka sahani ikabaki nyeupe. Miezi mingi nilikuwa sijaonja chakula kilichonikumbusha jiko la nyumbani, na pale, katika mkahawa wa Mjapani anayepika cha Mwitaliano, nilikutana na ladha ya nyanya na kitunguu kama anavyokaanga mama yangu.

Baadaye nikamsimulia mwanafunzi mwenzangu aliyetoka Italia. Aliposikia neno kechapu aliweka uma wake chini na kunitazama kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Akaniapia kwamba mjini Napoli hakuna chakula kama hicho. Alikuwa anasema kweli. Naporitan haikuzaliwa Napoli. Wengi wanasimulia kwamba ilizaliwa Yokohama, katika Hoteli New Grand iliyofunguliwa mwaka 1927. Baada ya Vita Kuu ya Pili hoteli hiyo ilichukuliwa na jeshi la Marekani, na Jenerali Douglas MacArthur mwenyewe alilala humo. Wanajeshi walikuja na shehena za tambi kavu na kechapu. Mpishi mkuu wa hoteli, Irie Shigetada, aliwaona wakichanganya vitu hivyo viwili, akaona anaweza kufanya vizuri zaidi. Yeye alitumia nyanya, kitunguu saumu na nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi. Lakini chakula kilipotoka hotelini na kuingia mitaani, kwa watu waliokuwa wametoka kwenye njaa ya vita, nyanya zilikuwa ghali na kechapu ikachukua nafasi yake.

Tazama pia namna ya kupika. Mwitaliano huepua tambi zikiwa bado na ugumu kidogo katikati, kisha huzila papo hapo. Mpishi wa kissaten huzichemsha mapema mpaka zilainike, huziacha zipoe, na mteja akifika ndipo huzikaanga. Kwa Mwitaliano hilo ni kosa kubwa. Kwa Mjapani aliyelelewa kwa tambi nene za udon, ulaini ule ndio utamu wenyewe.

Msidhani kwamba vita ndivyo vilivyoleta upishi huo mara ya kwanza. Mwaka 1874 mpishi aitwaye Pietro Migliore, mzaliwa wa Torino, alifika mji wa Niigata pamoja na kundi la sarakasi. Akaumia, wenzake wakaondoka, yeye akabaki. Alifungua mahali pa kula, na jina la Italia-ken lipo Niigata mpaka leo. Wakati wa vita tena, Italia iliposalimu amri mwaka 1943, mabaharia wa Kiitaliano walikwama Japani, na baadhi yao wakafungua migahawa Kobe na baadaye Tokyo. Maana yake ni kwamba chakula hiki kiliingia kwa mlango wa watu waliokwama ugenini, wakapika walichokijua ili wapate kuishi.

Sasa tuulize: kwa nini Mjapani, mtu wa wali, samaki na mwani, alikipenda chakula hiki kwa haraka hivyo? Sehemu ya jibu aliigundua Mjapani mwenyewe. Mwaka 1908 mwanakemia Ikeda Kikunae alichunguza supu ya mwani uitwao kombu, akapata ndani yake kitu kinachoitwa glutamati, ambacho huleta ladha isiyo tamu ya sukari, wala chumvi, wala chachu, wala uchungu. Akaiita ladha hiyo umami. Baada yake mwenzake Kodama Shintaro, mwaka 1913, akakuta kitu kingine chenye ladha hiyo katika samaki mkavu wa Kijapani. Vitu hivi viwili vikikutana katika chungu kimoja, ladha huongezeka maradufu kuliko kila kimoja kikiwa peke yake.

Hapo ndipo siri ilipo. Nyanya iliyoiva imejaa glutamati. Jibini ya Parma, ambayo kwa sheria hukaa ghalani si chini ya miezi 12, imejaa zaidi. Samaki wadogo wa chumvi ambao Waitaliano huwayeyusha katika mafuta ya zeituni wanafanya kazi ile ile inayofanywa na samaki mkavu wa Mjapani. Ulimi wa Mjapani ulipoonja mchuzi wa Italia, ulimtambua ndugu aliyevaa nguo nyingine. Nawe mama unayenisikiliza, unapokaanga dagaa wakavu kwa nyanya, unafanya jambo hilo hilo, ingawa hukusoma kemia.

Tangu hapo Wajapani hawakuomba ruhusa. Mkahawa wa Kabe no Ana, ulioanza Tokyo mwaka 1953, ulipata siku moja mteja aliyeleta mayai ya samaki ya bei kubwa, yale yanayoitwa caviar, akaomba yachanganywe na spageti. Yalikuwa matamu, lakini nani angeyamudu kila siku? Wakajaribu tarako, mayai ya samaki ya chumvi yanayouzwa katika kila soko la Japani, wakatia siagi, wakanyunyiza mwani uliokatwa vipande vyembamba. Leo chakula hicho kinapatikana nchi nzima, na mtoto wa Kijapani anakiona kuwa cha kwao kama wali.

Nilipokuwa huko, homa ya Italia ilikuwa imepanda kweli kweli. Waliiita itameshi, yaani Itali na meshi. Neno meshi maana yake ni wali, na pia maana yake ni chakula chochote, kama vile kwetu bara mtu akisema hajala, mara nyingi ana maana hajala ugali. Mwaka 1990 jarida la Hanako liliandika habari za tiramisu, keki laini ya kahawa na jibini, na ikawa lazima kila mkahawa wa Tokyo uwe nayo. Uchumi ulipoporomoka muda mfupi baadaye, upishi wa Kifaransa, uliokuwa wa wenye fedha, ulipungukiwa na wateja. Wa Kiitaliano ukabaki, kwa sababu unga, nyanya, mafuta na kitunguu saumu havimfilisi mtu. Kampuni ya Saizeriya, iliyoanzia katika mkahawa mdogo mkoani Chiba, ilijenga migahawa zaidi ya elfu moja kwa kuuza chakula hicho kwa bei ambayo hata sisi wanafunzi tuliiweza.

Wapo waliokwenda upande wa pili. Vijana wa Kijapani walihamia Napoli, wakafagia sakafu na kukanda unga kwa miaka, ili wajue piza inavyotakiwa. Chama kilichoundwa Napoli mwaka 1984 kuilinda piza ya mji huo kina masharti makali: kinyunga kiwe cha unga, maji, chumvi na hamira tu, tanuri liwe na joto la kama nyuzi 485, na piza iive kwa sekunde 60 hadi 90. Migahawa ya Kijapani imepewa kibali cha chama hicho. Kwa hiyo katika mji mmoja utakuta mtaa huu wanakaanga tambi kwa kechapu, na mtaa wa pili wanafuata sheria za Napoli kuliko baadhi ya Wanapoli. Sikuona wakigombana.

Hapo mzee wetu angeniuliza: na cha kwao kimekwenda wapi? Ni swali la haki, nami sitalikwepa. Mwaka 1962 kila Mjapani alikula kwa wastani kilo 118 za mchele. Miaka ya karibuni ni kama kilo 50. Ngano ya mikate na tambi imechukua nafasi, na sehemu kubwa ya ngano hiyo inanunuliwa nje. Kwa miaka mingi serikali iliwalipa wakulima wapunguze kulima mpunga. Kisha mwaka 2024 na 2025 mchele ukaadimika madukani, bei ikapanda karibu mara mbili, na serikali ikalazimika kufungua maghala ya akiba. Basi hasara ipo. Lakini tuitaje kwa jina lake. Hasara hiyo haikuletwa na msichana aliyependa piza. Imo katika shamba lililoachwa. Hata sisi, ngano yetu nyingi hutoka nje, na vita vya Ukraine vya mwaka 2022 vilitufundisha kwamba bei ya chapati inaweza kuamuliwa mbali sana na hapa.

Ama suala la asili, tuliangalie vizuri. Nyanya ilitoka bara la Amerika. Kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492 hakuna Mwitaliano aliyewahi kuiona. Tambi zenyewe je? Mwanajiografia Al-Idrisi, katika kitabu alichokikamilisha mwaka 1154 kwa ajili ya Mfalme Roger wa Pili wa Sicily, aliandika kwamba huko Trabia, karibu na Palermo, watu walitengeneza itriya, yaani tambi, kwa wingi na kuzisafirisha kwa meli. Hiyo ni zaidi ya miaka mia moja kabla ya Marco Polo kurudi kutoka China. Na kitabu hicho hicho kinataja Malindi na Mombasa. Karne kadhaa baadaye, matajiri wa Italia walikuwa bado wakila tambi kwa jibini, sukari na mdalasini. Kwa hiyo tambi za sukari na iliki tunazopikiwa mwezi wa Ramadhani zina undugu na karamu za zamani za Italia kuliko hata spageti ya leo yenye nyanya.

Naamini yule mzee hakuwa na ubaya. Aliogopa kusahauliwa, na hofu hiyo ni ya kweli. Lakini wahenga walisema pia, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wajapani walimkaribisha mgeni, wakamvisha mwani na mayai ya samaki, naye akakaa. Waliweza kwa sababu walikijua cha kwao kwa ndani: walijua mwani unafanya nini kinywani, wakajua mahali pa kumkalisha mgeni. Asiyekijua cha kwao hana mahali pa kumkalisha. Atampisha kiti chake mwenyewe.

Ndiyo maana Jumapili ijayo nitarudi nyumba ile. Nitamwomba binti anunue unga, nami nitabeba nyanya, vitunguu na dagaa wa Kigoma. Babu yake atatuonyesha namna ya kuwaandaa dagaa, maana kazi hiyo anaijua kuliko sisi sote, na mjukuu atakanda unga. Kitakachotoka jikoni sijui tutakiitaje. Najua tu kwamba safari hii sitakubali mtu yeyote ale peke yake jikoni.

Panapo majaliwa, tukutane tena wiki ijayo.