Unasali Wapi? Swali Zito kwa Asiye na Dini Meru na Embu

Mtu wa Pwani akitajiwa Meru, kinachomjia kwanza ni mirungi: vile vibunda vilivyofungwa kwa majani ya mgomba, vinavyoshuka kutoka Maua na milima ya Nyambene hadi Mombasa, Malindi na Lamu. Akitajiwa Embu hukumbuka kahawa na majani chai ya miteremko ya Mlima Kenya. Habari za dini za watu wa huko hatuzifikirii sana. Twajua tu kwamba wengi wao ni Wakristo, na kwamba ndugu zetu Waislamu ni wachache, wengi wao wakikaa mijini.

Leo, ndugu msomaji, tumtazame mtu wa huko ambaye si wa kanisa wala si wa msikiti. Amezaliwa kijijini, amelelewa na wazee wanaosali, kisha moyoni mwake akaona haamini. Hakuua, hakuiba, wala hakumtukana mtu. Hata hivyo maisha yake yamekuwa mazito, na uzito huo una mafunzo kwetu sisi tulio mbali naye.

Kwetu Pwani mgeni huulizwa, "Wewe mwana wa nani?" Kusali kwake hakuulizwi, kwani adhana ikilia ataonekana. Huko bara, mara nyingi baada ya jina na kwao mtu, swali linalofuata ni hili: "Unasali wapi?" Aulizaye hana ubaya. Ataka kujua mgeni wake ni wa kundi gani na watu wake ni akina nani. Lakini kwa yule asiye na dini, swali hilo ni mlango wenye kufuli pande zote mbili. Akisema kweli, huonekana ameharibika. Akitaja kanisa lolote ili apite, amesema uongo, na Jumapili ijayo watu watamtazamia.

SI MMOJA WALA WAWILI

Asidhani mtu kwamba twazungumza habari za kichaa mmoja wa kijiji. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Wakenya 755,750 waliandikwa kuwa hawana dini. Waislamu wa Kenya katika hesabu hiyo walikuwa zaidi ya 5,100,000. Maana yake ni kwamba kwa kila Waislamu saba wa nchi hii, yupo Mkenya mmoja aliyeandikwa hana dini. Si wote waliokata shauri kwamba Mungu hayuko. Wengine hawajishughulishi tu na jambo hilo, na wengine wamechoshwa na viongozi wa dini. Lakini wako, tena kwa malaki.

Februari 2016 baadhi yao walipata kuandikisha jumuiya yao, Jumuiya ya Wasioamini Mungu ya Kenya, chini ya mwenyekiti wao Harrison Mumia. Kabla ya hapo walikuwa wamekwisha kukataliwa, ikahofiwa kwamba wangevuruga amani. Baada ya kuandikishwa, viongozi wa dini walipiga kelele, na ilipofika mwisho wa Aprili mwaka huo huo usajili ukasimamishwa. Wakenda mahakamani, na miaka iliyofuata jumuiya ikaendelea na shughuli zake. Hayo yalikuwa mambo ya Nairobi, penye mawakili na waandishi wa magazeti. Kijijini hakuna mwandishi, na mtu huwa peke yake na jamaa zake.

KANISA LILIVYOKUWA NYUMBA YA WATU WOTE

Ili tuelewe uzito huo, yatupasa kurudi nyuma kidogo. Ukristo haukuingia Meru na Embu zamani sana. Wamisionari wa Kianglikana walifika Kigari, Embu, mwaka 1910. Wakatoliki wa Consolata waliingia Meru 1911, na Wamethodisti wakapiga kambi Kaaga 1912. Waskoti walianza kazi yao kubwa Chogoria mwaka 1922, pale ambapo zamani palihesabiwa kuwa Meru na leo ni kaunti ya Tharaka-Nithi. Palipojengwa kanisa palijengwa shule, na aghalabu hospitali pia. Aliyetaka kusoma au kutibiwa alipita mlango wa misheni.

Kabla ya hapo watu wa huko walimwomba Mungu wao, na Wameru walikuwa na Mugwe, mzee mwenye baraka aliyewaombea watu. Lakini dini haikuwa kitu cha kujiunga nacho. Mtu alizaliwa katika ukoo, akatahiriwa na rika lake, akaoa, akazeeka, na ibada zilikuwamo ndani ya mambo hayo. Hapakuwa na daftari la waumini, na kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kukosekana katika daftari.

Tuchukue mazishi. Desturi ya zamani ya makabila hayo, kwa kawaida, ilikuwa kuwaacha maiti msituni, na kaburi lilikuwa heshima ya wazee wachache. Kumzika kila mtu kulikuja na misheni na serikali ya kikoloni. Ndiyo maana leo mtu akifa Meru au Embu, kuanzia mkutano wa jioni wa kukusanya fedha hadi udongo wa mwisho kaburini, shughuli yote imeshikwa na sala na wahubiri. Hakuna desturi nyingine ya kuikimbilia. Kanisa limechukua mahali pa rika na baraza la ukoo. Aliyetoka kanisani hakutoka katika imani tu. Ametoka katika nyumba ya watu wote.

WIKI MOJA YA MWALIMU

Tuseme yuko mwalimu wa shule karibu na Runyenjes, mtu mzima, mwenye mke na watoto. Haamini. Jumatatu asubuhi bendera inapandishwa na wimbo wa taifa unaimbwa, wimbo uliotungwa kwa sauti ya bembelezi ya Wapokomo wetu wa Mto Tana. Wimbo huo waanza kwa kumwita Mungu. Mwalimu huimba pamoja na watoto, kwa kuwa ni wimbo wa nchi yake. Mkutano wa walimu hufunguliwa kwa sala, naye huinamisha kichwa kwa adabu. Jumatano kuna harambee ya mgonjwa. Hutoa mchango wake, na wa kwanza kuomba dua huteuliwa yeye, kwa kuwa ni mwalimu. Hapo husingizia kikohozi.

Jumamosi ni posa ya binti yake. Wageni wanauliza harusi itafungwa kanisa gani. Jumapili mama yake mzazi, mzee sana, humwambia, "Mwanangu, mimi siku zangu zimekwisha. Nitakapokufa utasimama wapi?" Hayo hayana jibu la kitabuni. Hawezi kubishana na machozi ya mama.

Hakuna mtu aliyemwambia ahame. Wahenga wetu walisema, akufukuzaye hakwambii toka. Atapitwa anapochaguliwa mweka hazina wa chama. Wazazi watanong'ona kuhusu kufundisha kwake. Mkewe ataulizwa kanisani kwa nini ameshindwa kumleta mumewe. Basi wengi wa namna yake hukata shauri kwenda kanisani, kukaa kiti cha nyuma na kunyamaza.

SHERIA YASEMAJE

Kwa sheria mwalimu huyo hana kosa lolote. Katiba ya mwaka 2010 yaanza kwa kukiri ukuu wa Mwenyezi Mungu, lakini kifungu cha 8 chasema nchi haina dini ya serikali, na kifungu cha 32 champa kila mtu uhuru wa dhamiri, tena chakataza mtu kulazimishwa kutenda lililo kinyume cha imani yake. Hata mahakamani, sheria ya viapo yamruhusu asiye na imani ya dini kuthibitisha kwa ahadi badala ya kuapa. Walakini sheria haiketi na mtu kwenye chakula cha jioni, wala haimpatii mkwe.

Wako wenye majina makubwa walioonja jambo hilo. Machi 1970 mwandishi Ngugi wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alialikwa kuhutubia mkutano mkuu wa kanisa la Presbyterian mjini Nairobi. Alianza kwa kusema wazi kwamba yeye si mtu wa kanisa, wala si Mkristo. Alipomaliza, mzee mmoja aliinuka akamkemea, akamwambia kuwa ni Mkristo tu, na ushahidi ni jina lake, James. Ngugi alilitafakari neno la mzee, na baadaye akaliacha jina hilo. Mzee alitaka kumrudisha zizini. Kumbe alimwonyesha kamba iliyobaki.

YATUHUSU NINI SISI?

Msomaji wa Pwani aweza kusema, "Hayo ni ya Wakristo na watoto wao." La, hasha. Jirani ya Meru, mjini Isiolo, iko shule ya serikali ya St Paul's Kiwanjani ambayo mfadhili wake ni kanisa la Methodisti. Waislamu waliomba wasichana wao waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe, kanisa likakataa, na kesi ikafika Mahakama Kuu ya Meru, ambako mwaka 2015 kanisa lilishinda. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani iliwapa wasichana haki. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo, kwa hoja kwamba dai lenyewe halikuwa limefikishwa mahakamani kwa njia ipasayo.

Tazama basi. Msichana wa Kiislamu wa Isiolo na mwalimu asiyeamini wa Embu hawafanani katika imani hata kidogo. Mmoja ana dini tele, mwingine hana. Lakini waliegemea nguzo ile ile ya sheria, kwamba dhamiri ya mtu isishurutishwe na walio wengi. Nguzo hiyo ikikatwa kwa ajili ya mmoja, paa litawaangukia wote wawili.

Tena Uislamu una neno lake katika jambo hili. Surat al-Baqara, aya ya 256, yakataza kushurutishana katika dini, na Surat an-Nisaa yawataja wanafiki kuwa mahali pao ni chini kabisa Motoni. Sasa jamaa wanaomsukuma mtu asiyeamini mpaka aketi kiti cha nyuma na kuitikia "Amina" isiyotoka moyoni, wamepata muumini? Wamepata mnafiki, na wamemfanya wao wenyewe.

MLANGO UPO

Watu wa Meru wenyewe waliwahi kukabili jambo la namna hii wakalipatia dawa. Baraza lao kuu la wazee, Njuri Ncheke, liliingiwa kwa kiapo cha kimila, na Wakristo wa kwanza walikataa kiapo hicho kwa ajili ya imani yao. Wakabaki nje ya shauri la nchi yao, kama mwalimu wetu alivyo nje leo. Mkuu wa wilaya wakati huo alikuwa H. E. Lambert, yule yule aliyekuja kuandika juu ya lahaja zetu za Kivumba na Kijomvu. Ilikubaliwa kiapo kitafutiwe namna nyingine, na Wakristo wakaingia Njuri bila ya kuivunja imani yao. Wazee hawakusema desturi imekufa. Waliona afadhali mtu mkweli aingie kwa mlango wa pembeni kuliko mwongo aingie kwa mlango mkubwa.

Na tuwape haki yao hata wale wasioamini. Mei 2021 katibu wa jumuiya yao, Seth Mahiga, alijiuzulu kwa kuwa amempata Yesu. Wenzake walitangaza habari hiyo hadharani, wakamshukuru kwa utumishi wake, wakamtakia heri. Hawakumlaani wala hawakumfuata nyumbani kwake.

Je, siku mmoja wa watoto wetu atakapotujia na maneno mazito ya moyoni mwake, tutaweza sisi kumsikiliza mpaka mwisho? Au tutamfundisha kusema uongo, kisha tumshukuru Mungu kwamba amerudi?