Siku za Kaskazi: Pika Kidogo, Kula Kingali cha Moto



Kaskazi inavuma na joto limerudi. Huku kwetu pwani ya Tanga, kuanzia Desemba hadi Machi, ni jambo la kawaida joto la mchana kufika nyuzi 32 na kupita. Jikoni hakukaliki. Mama anatamani apike mara moja tu asubuhi, sufuria itoshe mchana na usiku. Watoto wanalilia lambalamba. Jioni ikifika, wengi wetu tunasema, "Leo tusiwashe moto, tukale chipsi." Tena ndani ya miezi hiyo kuna sherehe za Noeli na Mwaka Mpya. Kwa hiyo mwezi huu tuzungumze juu ya mapishi mepesi ya siku za joto, vitu vitamu vya baada ya chakula, na namna ya kula nje bila kurudi na maradhi nyumbani.

Tuanze na kisa tulichokiona wenyewe wodini. Hatutataja jina wala kijiji.

Mwaka mmoja, tarehe 26 Desemba, saa saba mchana, gari dogo lilitushushia watu saba wa familia moja. Wote walikuwa wanatapika. Mdogo wao, mtoto wa miaka miwili, alikuwa amelegea kabisa. Bibi aliyewasindikiza alikuwa ameshaanza kunong'ona kwamba ni mkono wa mtu. Jana yake jioni jirani mmoja, ambaye hawakuwa wakielewana naye vizuri, alileta sahani ya kalimati kuwapongeza kwa sikukuu. Vijana wawili wa ukoo walikuwa tayari wanataka kwenda kwake.

Tuliwaomba wasubiri. Tuliuliza mmoja mmoja, nani amekula nini. Shangazi hakuonja kalimati hata moja kwa sababu ana ugonjwa wa kisukari, lakini alikuwa anatapika kama wenzake. Mvulana wa darasa la sita alikula kalimati nyingi kuliko wote, naye alikuwa mzima. Asubuhi ile aliondoka mapema kwenda kucheza mpira, hakunywa chai. Wale waliobaki walikula kiporo cha pilau. Pilau hiyo ilipikwa asubuhi ya Noeli kwenye sufuria kubwa, ikafunikwa na kuwekwa pembeni ya jiko mchana kutwa na usiku kucha.

"Lakini sista," mama alituambia huku analia, "niliupasha moto vizuri kabla ya kuwapa!"

Tulimsadiki. Hilo ndilo jambo ambalo wengi wetu hatulijui, nalo ndilo kiini cha ukurasa huu.

KWA NINI KUPASHA MOTO HAKUTOSHI

Vijidudu vingi hupenda joto la wastani, lile lisilo baridi wala si la kuunguza. Kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 huzaliana vizuri. Sasa hesabu: vipo vijidudu ambavyo kimoja hugawanyika kuwa viwili kila dakika 20. Ukianza na kimoja tu, baada ya saa 6 vinaweza kupita laki mbili na nusu. Chakula kilichokaa mezani siku za kaskazi ni shamba lenye rutuba kwao.

Wali na pilau vina adui wa peke yake, aitwaye Bacillus cereus kwa jina la kitaalamu. Kijidudu hiki hutoka udongoni na kukaa kwenye mchele kikiwa kama mbegu ngumu. Mbegu hiyo haifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa upoe polepole ndani ya sufuria, mbegu huamka, vijidudu huzaliana na kutoa sumu ndani ya chakula. Kijidudu kingine, Staphylococcus aureus, hukaa puani mwetu na kwenye majipu na vidonda vya mikononi. Nacho hutoa sumu kwenye nyama, mayai na vitu vya maziwa. Sumu za vijidudu hivi viwili haziondoki kwa kupasha moto. Kijidudu kinaweza kufa, lakini sumu aliyokwisha kuiacha inabaki. Mlaji huanza kutapika baada ya saa chache tu, ndiyo maana watu hudhani wamewekewa sumu.

Yafaa tujue pia kwamba harufu na ladha si mashahidi wa kuaminika. Pilau ile haikuwa imechacha. Ilikuwa tamu, ndiyo maana waliimaliza.

Basi kanuni ni hizi:

1. Pika kiasi kitakacholiwa kikaisha. Kama wageni ni wengi, pika katika masufuria mawili kwa nyakati mbili kuliko kupika sufuria moja kubwa alfajiri.

2. Chakula kilichopikwa kisikae mezani zaidi ya saa 2.

3. Chakula cha mtu atakayechelewa kikae juu ya makaa kikiwa cha moto kabisa, kiasi cha kutoa mvuke, si vuguvugu.

4. Wenye jokofu wasingoje wali upoe usiku kucha. Usambaze kwenye sinia upoe upesi, kisha uuingize ndani. Uliwe kesho yake, upashwe moto hadi ndani, na upashwe mara moja tu.

5. Wasio na jokofu, kilichobaki kipeleke kwa jirani kingali cha moto. Ni desturi yetu ya zamani, na ni afya pia.

MAPISHI MEPESI YA SIKU ZA JOTO

Chakula chepesi kina faida mbili: mama hakai sana motoni, na chakula hakibaki.

Samaki wa chukuchuku hutosha kabisa. Chukua samaki wabichi, kama changu au tasi, uwaoshe na kuwakamulia ndimu. Wapange kwenye sufuria pamoja na nyanya, kitunguu, pilipili na chumvi, tia maji kidogo na ufunike. Kwa dakika 15 hadi 20 wameiva. Nyama ya samaki aliyeiva huachana na mfupa kwa urahisi. Viazi vitamu au ndizi mbichi za kuchemsha huenda vizuri na mchuzi huu. Samaki umnunue mwisho, unapoelekea nyumbani. Usizunguke naye sokoni jua la saa sita.

Choroko nazo huiva upesi kuliko maharage na hupunguza gharama ya mkaa. Ukitaka kuziunga kwa nazi, kuna tui la kwanza na la pili. Tumia la pili kupikia na la kwanza kumalizia, na mle mlo huo huo. Nazi ni tamu, lakini mboga ya nazi huharibika upesi.

Kachumbari hupendwa sana wakati wa joto. Lakini kachumbari haipiti motoni, kwa hiyo usalama wake wote uko kwenye maji na mikono yako. Osha nyanya, matango na vitunguu kwa maji safi yanayotiririka au ya kumiminia. Tumia ubao na kisu ambacho hakijakata nyama mbichi au samaki. Ikatwe watu wakiwa tayari kukaa, si asubuhi.

VITU VITAMU BAADA YA CHAKULA

Kitindamlo bora cha msimu huu kinaanguka chenyewe kutoka mtini. Maembe, mananasi, mapapai na matikiti hutoa maji, sukari ya asili na vitamini. Embe na papai husaidia macho ya watoto kwa kuwa yana chanzo cha vitamini A. Osha tunda kabla ya kulimenya, kwa sababu kisu hubeba uchafu wa ganda na kuuingiza ndani. Usinunue tunda lililokwisha kukatwa likakaa juani na inzi.

Wapendao kitu cha baridi wajaribu hivi:

Lambalamba ya ukwaju. Chemsha lita 2 za maji, zima moto, tia ukwaju robo kilo na uuache saa moja. Vuruga, chuja, tia sukari vijiko 6 vya mezani, kisha urudishe motoni uchemke tena. Upoze haraka, mimina kwenye vikombe vidogo safi na uvitie kwenye friza. Kama unapenda ubuyu badala ya ukwaju, njia ni ile ile.

Kwa nini tunasisitiza kuchemsha? Kwa sababu watu wengi huamini kwamba ubaridi huua vijidudu. Haviui vyote. Vingi hulala tu ndani ya barafu, na barafu ikiyeyuka mdomoni mwa mtoto huamka. Lambalamba iliyotengenezwa kwa maji ya kisima yasiyochemshwa ni sawa na kunywa maji ya kisima.

Mtindi na embe. Chemsha maziwa, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, tia vijiko viwili vya mtindi mzuri, funika na uache usiku mmoja. Asubuhi changanya na embe lililokatwa. Uchachu wa mtindi huzuia vijidudu vingi visistawi, ila chombo chake kisafishwe vizuri.

Ndizi mbivu za nazi zenye iliki ni tamu hasa, lakini zipikwe za kuliwa siku hiyo hiyo.

Neno moja juu ya soda. Chupa ya mililita 350 kwa kawaida ina sukari zaidi ya vijiko 8 vya chai. Kwa sikukuu si dhambi, lakini isiwe ndiyo maji ya kila siku, hasa kwa watoto na kwa wenye kisukari. Dafu lililokatwa mbele yako ni bora.

TUNAPOKULA NJE

Hatukusudii kuwaharibia biashara mama lishe na wauza chipsi. Wengi wao ni wanajumuiya wenzetu na wanasomesha watoto kwa jiko hilo. Wapo walio wasafi kuliko majiko yetu ya nyumbani. Ila mlaji awe na macho. Kabla ya kukaa, tazama mambo haya:

Chakula kinatoka motoni kikifuka moshi, au kimelala kwenye sufuria tangu saa nne? Chagua kinachopikwa ukiona.

Maji ya kunawa ni ya kumiminia au ndoo yenye bomba, na sabuni ipo? Beseni moja la watu kumi halisafishi, hugawa uchafu.

Anayepokea fedha ndiye anayeshika chakula kwa mkono? Noti imepita mikono mingi.

Mishkaki imeiva hadi ndani? Na je, imewekwa kwenye sahani ile ile iliyobeba nyama mbichi? Chipsi mayai nazo, yai liwe limeganda vizuri.

Kachumbari ya mezani imekatwa lini? Ukiwa na shaka, iache. Ndimu na pilipili haziui kipindupindu papo hapo.

Maji ya miwa na juisi zimewekewa barafu ya wapi? Barafu nyingine hutengenezwa kwa ajili ya samaki.

Tunalisema hili tukikumbuka mwaka 1997, na tena mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea mikoani. Kipindupindu hupita kwenye maji na chakula kilichoguswa na uchafu wa choo. Ukiona kasoro kwa mama lishe wako, mwambie kwa upole, pembeni. Na watoto wanaopewa fedha ya kununua vitu shuleni wafundishwe: kilicho cha moto au chenye ganda lake, kama ndizi na chungwa, ni salama zaidi.

MTOTO AKIANZA KUHARISHA

Usingoje. Changanya pakiti moja ya ORS katika lita 1 ya maji safi na uitumie ndani ya saa 24. Mtoto chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha. Mkubwa zaidi apewe nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea kijiko kimoja kimoja. Kama ORS haipo, tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa sawa bila kilima, katika lita 1 ya maji safi, mkiwa njiani kuitafuta. Anyonyeshwe na alishwe kama kawaida. Ulizeni zahanati vidonge vya zinki, ambavyo hutolewa siku 10 hadi 14. Msimpe mtoto vidonge vya kufunga tumbo.

Mleteni hospitali upesi kama macho yamedidimia, hakojoi, ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi polepole, anatapika kila kitu, amelegea, au kinyesi kina damu. Anayeharisha maji mengi yanayofanana na maji ya kuoshea mchele asicheleweshwe hata saa moja, awe mtoto au mtu mzima.

Yule mdogo wa miaka miwili aliwekewa dripu, na kesho yake jioni alikuwa anaomba uji. Wote saba walirudi nyumbani. Kabla ya kuondoka, tulimwita mama na bibi tukawaeleza habari ya pilau kama tulivyowaeleza ninyi. Bibi alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Basi kumbe tungekwenda kumpiga mtu bure." Baadaye tulisikia kwamba mama alipeleka sahani ya jirani, na hakuirudisha tupu. Alitia samaki wa moto.

Hadi mwezi ujao, tunawatakia afya njema na chakula chema.