Kabla Hujasaini Mkopo, Kaa Chini na Mtu wa Kukusaidia Hesabu

Leo siongelei mbegu wala chanjo. Naongelea kitu ambacho nimekiona kikimaliza miradi huku mjini kama mdondo unavyomaliza kuku: deni lililochukuliwa bila hesabu.

Hapa Vingunguti soko lipo. Machinjio tunayo, wanunuzi wa mbuzi wapo, na bonde la Msimbazi linatoa mchicha. Kinachosumbua ni mtaji. Benki inataka dhamana, na kijana amepanga chumba kimoja. Anayemfikia haraka ni mkopeshaji wa kausha damu.

Kijana mmoja niliyemtembelea alikuwa na kuku wa nyama 200, wenye wiki tatu. Wazima kabisa, lakini alikuwa anawauza wakiwa wadogo hivyo hivyo. Kisa? Marejesho ni ya kila siku, na yalianza kesho yake baada ya kupokea pesa. Broila wanahitaji kama wiki tano. Muda wote huo wanakula tu, hawaingizi hata mia. Mkopo haukuendana na mradi tangu siku ya kwanza, na hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Wenzetu wanafanyaje?

Ujerumani kuna ofisi za ushauri wa madeni, na wengi wanaofanya kazi humo ni watu wa ustawi wa jamii. Mdaiwa anakuja na barua zake zote, wanaorodhesha madeni pamoja, kisha mshauri anazungumza na wadai. Sheria yao ya kufilisika, iliyoanza kutumika 1999, inamtaka mtu ajaribu kwanza kuelewana na wadai wake kwa msaada wa mshauri kabla ya kwenda mahakamani.

Afrika Kusini, Sheria ya Mikopo ya 2005 iliweka washauri wa madeni wanaosajiliwa. Mshauri anapanga upya marejesho kulingana na kipato.

Na sisi je?

Kwetu kazi hiyo imegawanyika, ila watu wapo. Afisa maendeleo ya jamii anashughulika na vikundi na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Ilisitishwa Aprili 2023, ikarejeshwa 2024. Deni likishaingia ndani ya nyumba, mke na mume hawaelewani, watoto wanakosa matunzo, nenda kwa afisa ustawi wa jamii. Hiyo ni kazi yake, usione aibu.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na Benki Kuu imeweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wasiopokea amana. Novemba 2024 ilitangaza aplikesheni 69 zinazokopesha bila kibali.

Piga hesabu mwenyewe. Mkopo wa shilingi 500,000 kwa asilimia 3.5 ni riba ya shilingi 17,500 kwa mwezi. Kwa asilimia 20 ni shilingi 100,000. Kuku ni wale wale, bei sokoni ni ile ile.

Maswali manne kabla ya kusaini

1. Mkopeshaji ana leseni? Omba uione.
2. Marejesho yanaanza lini, na mradi unaanza kuingiza pesa lini? Mchicha ni kama wiki nne, kuku wa nyama wiki tano, mbuzi wa kunenepesha miezi.
3. Jumla nitalipa shilingi ngapi? Usikubali kutajiwa "kidogo kidogo tu kila siku".
4. Kuku wakifa nusu, nitalipa kwa nini? Kama jibu ni kitanda na jiko la nyumbani, simama kwanza.

Kama umeshakwama, usikope kwingine kulipa huku. Andika madeni yote kwenye karatasi moja, chukua mikataba yako, uende ofisi ya kata mapema. Mdai anayefuatwa kabla ya tarehe ya kulipa anasikiliza tofauti na anayekukimbiza. Na mimi ukiniita kuangalia banda, niletee na daftari la mkopo. Tutaanza nalo.